Kung'oa atomi kwenye fuwele ya chumvi kwa elektroni: mwongozo wa fundi, kuanzia Nunge hadi kwenye chemba

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kupiga chumvi kwa elektroni, kwenye maabara ya nchi ya baridi ambako chumvi nyingine niliyoiona nje ya jikoni ni ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sasa nimerudi Bagamoyo, nafundisha fizikia, na hakuna mwaka unaopita bila kijana mmoja kuuliza: "Mwalimu, elektroni ni kitu kidogo namna ile, inang'oaje atomi?"

Haing'oi. Inachokoza tu, halafu fuwele yenyewe ndiyo inayoitema atomi. Shika hilo, maana hatua zote hapa chini zinatokana nalo, hasa ile ya joto ambayo wengi huiruka.

Hatua mbili za mwanzo unaweza kuzifanya nyumbani kwa sufuria na wembe. Zilizobaki zinataka chemba ya ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa yote, na kwa hiyo utasubiri mpaka ufike kwenye maabara yenye kifaa hicho. Na kabla hujauliza: ndiyo, TV ya chogo ina bunduki ya elektroni nyuma yake. Hapana, usiifungue. Ile chupa ikivunjika inalipukia ndani na vioo vinaruka, na umeme wake hufika volti elfu ishirini na zaidi, ambao unaweza kubaki umejificha hata TV ikiwa imezimwa. Iache.

HATUA YA 1: PATA FUWELE, SI UNGA

Chumvi ya pakiti haifai, punje zake ni ndogo mno kushikika. Mimi huenda kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, wakati wa jua kali, majaruba yanapokuwa yameanza kuota weupe pembezoni. Mara ya kwanza nilimkuta mama mmoja anakokota chumvi kwa reki ya mbao.

"Shikamoo mama. Naomba kuokota mawe machache ya chumvi."

"Marahaba mwanangu. Mawe ya kupikia au ya kuchezea?"

"Ya kupasua."

Aliniangalia kidogo, akaniambia niache zile zinazoelea juu kama vikofia, nichimbe za chini. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vile vikofia ni fuwele zilizokua haraka juu ya maji jua likiwa kali: kingo zimekua, katikati pamebaki shimo. Za chini, zilizotulia kwenye maji mazito kwa siku nyingi, ndizo zenye umbo la mchemraba.

Ukitaka nzuri zaidi, kuza mwenyewe. Gramu 36 hivi za chumvi huyeyuka kwenye mililita 100 za maji ya kawaida. Chuja kwa kitambaa kizito, mimina kwenye chupa pana, ning'iniza punje moja nzuri kwa uzi mwembamba, funika kwa karatasi yenye vitundu, sahau kwa wiki mbili au tatu. Usijaribu mbinu ya sukari, ya kuyeyusha kwenye maji ya moto kisha kupoza: maji yanayochemka hubeba gramu 39 tu, kwa hiyo ukiyapoza hupati chochote cha maana. Chumvi inataka maji yaondoke, basi.

Shida ya pwani ni unyevu. Hewa ikizidi asilimia 75 ya unyevu, chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe, na asubuhi nyingi hapa Bagamoyo tunazidi hapo. Chumvi ya baharini ni mbaya zaidi kwa sababu ina magnesi, ambayo inanyonya maji mapema zaidi. Ndiyo maana gunia la chumvi hutoa jasho. Weka fuwele zako kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya.

Lakini elewa: fuwele ya Nunge ni ya kujifunzia mikono. Haiingii kwenye chemba. Umewahi kutupa chumvi ya mawe kwenye mkaa ukasikia pa-pa-pa? Ni maji ya bahari yaliyonaswa ndani ya fuwele ilipokuwa inakua, yakichemka yanaipasua. Kwenye ombwe mlio huo hutausikia, ila utaona geji ya mgandamizo inaruka na kipande chako kimegeuka mchanga. Kwa chemba tunatumia fuwele zilizovutwa kutoka kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, nyuzi 801 kwa kloridi ya sodiamu. Njia hiyo Spyro Kyropoulos aliieleza mwaka 1926 huko Göttingen, na haina tone la maji.

HATUA YA 2: PASUA

Hapa ndipo utajua kama una mikono ya kazi hii.

Fuwele ya chumvi ni kimia kilichofumwa kwa zamu: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kushoto, kulia, juu, chini. Sodiamu imempa klorini elektroni moja, kwa hiyo kila moja ni ioni, yaani atomi yenye chaji, na zinashikana kwa kuvutana. Ukiusogeza upande mmoja wa fuwele kwa hatua moja tu, ioni za aina moja zinakabiliana, zinasukumana, na fuwele inaachana yenyewe kwenye mstari ulionyooka. Ndiyo maana chumvi haikatwi, inapasuliwa.

Laza fuwele juu ya kitambaa. Simamisha wembe mpya wa upande mmoja sambamba kabisa na ukingo, si kwa mshazari hata kidogo. Gonga mgongo wa wembe mara moja kwa kitu kidogo kizito; mimi natumia kijiti cha shaba. Mlio unaoutaka ni "tak" mkavu. Ukisikia "krash" umegonga kwa mshazari. Ikipasuka vizuri, kila upande unakuwa kioo: sogeza kichwa na utaona dirisha la chumba limo ndani ya chumvi.

Usiguse huo uso. Usiupulizie pia, pumzi yako ni maji. Shika kwa koleo pembeni.

Pasua ishirini kabla hujafikiria kuendelea. Mimi niliharibu zaidi ya hizo.

HATUA YA 3: OMBWE

Sitakaa sana hapa kwa sababu kila chemba ina tabia zake na fundi wake. Lengo ni 10⁻¹⁰ milibari au karibu yake. Kwa nini kiasi hicho? Kwa sababu kwenye 10⁻⁶ milibari gesi iliyobaki inaweza kufunika uso wako kwa tabaka zima ndani ya sekunde chache, na hapo utakuwa unapiga uchafu, si chumvi. Kwenye 10⁻¹⁰ una saa kadhaa za kufanya kazi. Ili ufike huko utaifunga chemba kwa mablanketi ya umeme na kuioka yote, nyuzi 150 hivi, siku moja au mbili, mpaka maji yaliyojishika kwenye kuta yatoke.

Ikiisha kupoa, ipashe joto fuwele yenyewe taratibu hadi nyuzi 200 kwa saa kadhaa ili uso wake usafike. Taratibu maana yake nyuzi chache kwa dakika. Ukiharakisha inapasuka, utaiona ufa ukitembea kama kwenye barafu. Na usipande hadi 400, kwani huko chumvi inaanza kupaa kuwa mvuke yenyewe bila msaada wa elektroni, na vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

HATUA YA 4: KABLA HUJAWASHA BUNDUKI, FUATA ELEKTRONI MOJA NDANI

Simama hapa kidogo. Wanaokosea kwenye hatua ya 6 ni kwa sababu hawakuielewa hii.

Tuseme elektroni yako ina nishati ya elektronivolti 1,000, yaani imevutwa kwa volti 1,000. Atomi ya sodiamu ni nzito kuliko elektroni mara 42,000 hivi. Ni sawa na kulirushia gunia la kilo 100 kokoto la gramu mbili na nusu. Piga hesabu ya kugongana: hata ikigonga katikati kabisa, elektroni hiyo inaweza kumpa sodiamu chini ya sehemu moja ya kumi ya elektronivolti. Klorini ni nzito zaidi, inapata pungufu ya hapo. Kuing'oa atomi kwa nguvu kunataka elektronivolti kadhaa. Kwa hiyo wazo la kugonga mpaka idondoke, kama embe kwa fimbo, lisahau.

Kinachotokea ni hiki. Elektroni inaingia ndani, makumi ya nanomita, huku ikigawa nishati yake kidogo kidogo kwa elektroni za klorini. Chumvi inataka elektronivolti nane na nusu hivi ili elektroni iachie nafasi yake. Ukiwa na 1,000 za kutumia, unaacha nyuma makumi ya jozi: elektroni iliyo huru, na tundu pale ilipotoka.

Sasa tundu. Ioni ya klorini iliyoporwa elektroni inakuwa atomi tu, na atomi ya klorini haipendi upweke. Inamkumbatia jirani yake, wanakuwa wawili walioshikana, na kimia kinajikunja kuwazunguka. Tundu limejinasa. Kisha elektroni huru inapita, inavutwa na tundu, inarudi pale. Nishati ile yote ya elektronivolti kadhaa sasa imekaa sehemu moja ndogo, kwenye jozi ya klorini iliyobanwa. Lazima itoke. Sehemu yake inatoka kama mwanga. Sehemu nyingine inaisukuma atomi moja ya klorini nje ya kiti chake, ikajibana kwenye safu ya ioni zinazofuata. D. Pooley na H. N. Hersh walilieleza jambo hili mwaka 1966, kila mmoja kivyake.

Mvunjiko huo unaacha vitu viwili. Cha kwanza ni kiti kitupu cha klorini ambacho ndani yake amekaa elektroni mmoja; kinaitwa kituo F, kutokana na neno la Kijerumani la rangi, kwa sababu ndicho kinachoipa chumvi rangi. Cha pili ni ile klorini ya ziada iliyobanwa kwenye safu, kituo H.

Kituo H ni chepesi wa miguu. Kinakimbia kwenye safu ya ioni za klorini kama watu wanavyopishana kwenye foleni, kila mmoja akimsukuma wa mbele, mpaka kikifika ukingoni mwa fuwele atomi ya klorini inatoka nje. Nyingine, zile zilizozaliwa karibu sana na uso, hutoka kwa kasi kubwa kuliko joto la fuwele linavyoruhusu.

Kituo F ni kizito. Kwenye baridi hakiendi popote. Ukikipa joto kinatembea, kinafika kwenye uso, na pale elektroni yake inarudishwa kwa ioni ya sodiamu. Sodiamu sasa ni atomi isiyo na chaji, haina tena wa kumvuta. Inabaki imelala juu ya uso, na kwa joto la kutosha inapaa.

Kwa hiyo klorini anaondoka mwenyewe. Sodiamu anahitaji kubebwa na joto.

HATUA YA 5: BUNDUKI

Anza na volti 1,000 na mkondo wa mikroampia moja kwa sentimita ya mraba. Chumvi haipitishi umeme, na utaogopa kwamba elektroni zitajazana juu yake na kuzifukuza zinazofuata. Woga huo ni halali, lakini kwa nishati za wastani chumvi inatoa elektroni nyingi kuliko inazopokea, hivyo uso unapata chaji chanya ya volti chache kisha unatulia. Ukipandisha volti mno, mambo yanageuka: chaji hasi inajazana, na mwale wako utaanza kukwepa fuwele kama mwendesha bodaboda aliyeona trafiki. Joto la fuwele linasaidia pia, kwani linazifanya ioni zisogee na kupunguza chaji.

Upate picha ya mwendo wa kazi: mikroampia moja ni elektroni trilioni sita hivi kwa sekunde. Sentimita ya mraba ya uso wa chumvi ina jozi za sodiamu na klorini kama trilioni 630. Tuseme kila elektroni inaondoa jozi moja; tabaka moja la juu litakwisha kwa sekunde mia moja. Na kwa kweli elektroni moja ya volti 1,000 inaweza kuondoa zaidi ya moja.

HATUA YA 6: PANDISHA JOTO, KISHA PIMA

Wiki yangu ya kwanza peke yangu kwenye chemba, niliweka fuwele, nikawasha bunduki, nikatazama spektromita ya tungamo, kifaa kinachotenga atomi zinazotoka kwa uzito wake. Klorini ikaja vizuri, mstari wa 35 ukapanda. Nikatabasamu. Baada ya muda ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka. Sodiamu, kwenye 23, haikuwepo kabisa. Nikasema filamenti ya bunduki inakufa. Nikaizima, nikapima mkondo: mzima. Nikabadilisha pembe, nikaongeza volti. Siku mbili zikaenda hivyo, na nilikuwa naona haya kumuuliza mkubwa wangu.

Nilikuwa sijawasha hita. Klorini ilikuwa inaondoka na kuacha sodiamu nyuma, na sodiamu ile ikajikusanya kuwa ngozi ya metali juu ya chumvi. Baada ya hapo nilikuwa napiga metali. Nilipopandisha hadi nyuzi 150, mstari wa 23 uliruka kwa ghafla na geji ikatikisika: sodiamu yote iliyolimbikizwa ilikuwa inapaa kwa mara moja. Fuwele ikajisafisha, na klorini ikarudi.

Basi: washa hita kwanza. Kati ya nyuzi 100 na 200 ndipo mahali pa kufanyia kazi, mimi hupenda 150.

Kwenye spektromita angalia 23 kwa sodiamu, 35 na 37 kwa klorini. Hapa kuna ukaguzi wa bure ambao hakuna aliyenifundisha: klorini ya asili ina 35 na 37 kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1. Kama uwiano wako si huo, kuna gesi nyingine imejichanganya, usiamini namba zako. Mistari ya 36 na 38 ikipanda, ni asidi ya hidrokloriki iliyotengenezwa kwenye kuta za chemba. Maana yake ni kwamba hukuoka vya kutosha.

Halafu fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Zima bunduki kwa ghafla. Klorini inayotoka kwa kasi inakatika pale pale, ingawa ile iliyonata kwenye kuta itaburuta mkia kidogo. Sodiamu haikatiki. Inaendelea kutoka, ikipungua polepole, kwa sababu vituo F vilivyozaliwa kabla bado viko njiani kuelekea juu. Ukipunguza joto, mkia unarefuka. Unaangalia kwa macho yako vitu ambavyo havionekani vikitembea.

HATUA YA 7: UKIPATA BROMIDI YA POTASIAMU, IJARIBU

Ina tabia moja nzuri ambayo chumvi ya mezani haiionyeshi kirahisi. Ukichunguza uso wake kwa hadubini ya nguvu ya atomi, ile inayopapasa kwa ncha ya sindano, unaona elektroni hazikuchimba ovyo. Zimeacha vishimo vya mstatili, kingo zimenyooka kama msingi wa nyumba, na kina cha kila kimoja ni tabaka moja la atomi, theluthi moja ya nanomita. Kituo F kikifika kwenye uwanda laini hurudishwa ndani. Kikifika kwenye ukingo wa shimo kinafanikiwa kuachia atomi. Kwa hiyo vishimo vikiongezeka, kingo zinaongezeka, na atomi zinatoka kwa wingi. Vishimo vikiungana na tabaka kwisha, kingo zinapungua, na utoaji nao unapungua. Kisha tabaka linalofuata. Kwenye grafu unaona mawimbi, kila wimbi tabaka moja. Mistari ya kufuata hapa ni 39 kwa potasiamu, na 79 na 81 kwa bromini, ambayo inakaribia kulingana.

HATUA YA 8: KUTOA FUWELE

Zima bunduki, acha hita ikiwaka nusu saa ili sodiamu iliyobaki ipae, ndipo upoze taratibu. Ukiipoza mapema, ngozi ya sodiamu itakutana na hewa yenye unyevu na kugeuka magadi makali juu ya uso wako mzuri.

Watu hutarajia kuona doa la rangi. Kwa volti 1,000 elektroni haziendi mbali, na usishangae ukikosa kuona kitu. Rangi inataka volti makumi elfu: hapo chumvi ya kawaida inakuwa ya njano yenye kahawia, kloridi ya potasiamu zambarau, bromidi yake bluu. Eugen Goldstein aliziona rangi hizi kwenye miaka ya 1890, kabla hakujawa na mtu aliyejua kituo F ni nini. Ukiianika fuwele mwangani, rangi inafifia.

Kipande cha namna hiyo nilikirudisha nyumbani, cha njano, nikampelekea yule mama wa Nunge. Akakigeuza, akakinusa, akanirudishia. "Hii imeungua," akasema, "haiuziki." Usiitupe ukiwa na kama hicho. Kilichoguswa ni ngozi nyembamba tu ya juu. Simamisha wembe sambamba na ukingo, milimita moja chini ya doa, ugonge: kipande cha juu kinaondoka na rangi yake, cha chini kina kioo kipya cha kuanzia kesho.